Turbo yangu ilishtakiwa bure: nilivyolitafuta shinikizo lililopotea

Kwa miezi kadhaa sindano ya geji ya shinikizo la manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) katika ndege yangu ilikuwa ikipanda hadi inchi 38 za zebaki kila nilipousukuma wenzo wa nguvu hadi mwisho ili nipae, nami nilikwisha kuizoea kiasi kwamba niliitupia jicho tu, kama mtu anavyoitupia jicho saa ya ukutani ambayo haijawahi kumdanganya. Jumamosi moja iligoma kwenye 33.5. Ndege ilikuwa ingali chini na njia ya kurukia ilikuwa bado ndefu mbele yangu, kwa hiyo niliurudisha wenzo nyuma, nikakanyaga breki taratibu, nikairudisha ndege bandani.

Ndege hiyo nimeiunda kwa mikono yangu. Ina viti viwili, na injini yake ni ya silinda nne inayopozwa kwa maji, ambayo hapo awali ilikusudiwa gari. Mbele nimeifungia giaboksi inayopunguza mizunguko kabla haijaifikia propela, na ubavuni nimeifungia turbochaja moja. Propela ina mapanga matatu ambayo pembe yake hurekebishwa ndege ikiwa imesimama tu, si angani. Nayataja haya mapema kwa sababu propela hiyo ndiyo iliyokuwa shahidi mkweli kuliko wote katika kesi hii, nami sikumsikiliza mpaka nilipokuwa nimekwisha kupoteza wikiendi mbili.

Kwanza niseme takwimu hizi zina maana gani, kwa ajili ya msomaji ambaye amezoea turbo za magari, ambako geji huanza kuhesabu kutoka sifuri. Kwenye ndege tunasoma shinikizo kamili. Hewa ya kawaida usawa wa bahari ina shinikizo la inchi 29.92 za zebaki, sawa na hektopaskali 1013, na katika futi elfu kadhaa za mwanzo hupungua kwa takribani inchi moja kwa kila futi 1,000 unazopanda. Ukifika futi 18,000 imebaki nusu tu. Injini isiyo na turbo hupumua hewa hiyo hiyo iliyochakaa, na nguvu zake hushuka nayo. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya Liberty hadi kileleni mwa mlima Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, ili aone kama turbo ingeweza kuirudishia nguvu zake. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 kule bondeni ilitoa 230 tu kileleni, na ilipofungiwa turbo ikatoa 356. Kazi ya turbo haijabadilika tangu siku hiyo. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la turbini, turbini huzungusha shafti, na upande wa pili wa shafti hiyo gurudumu la kompresa hushindilia hewa na kuisukuma kwenye injini.

Kwa hiyo, geji inaposema shinikizo ni dogo, kuna mambo manne yanayowezekana: moshi haufiki kwenye turbini kwa nguvu inayotakiwa, au hewa iliyoshindiliwa haifiki yote kwenye silinda, au shinikizo lipo na geji ndiyo inayosema uongo. La nne ni kwamba turbo yenyewe imeharibika. Mimi nilianza na hilo la nne, na ninaeleza kosa hilo bila aibu kwa sababu najua si mimi peke yangu ninayelifanya. Turbo ni kifaa cha ghali, kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kinawaka rangi ya damu ya mzee usiku, na mtu akikifikiria sana hushangaa kwamba kinadumu hata saa moja. Ni rahisi kukishuku. Mirija ya mpira haimtishi mtu.

Niliifungua. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi nzima na sehemu ya Jumapili, kwa kuwa boliti zinazokaa kwenye joto la nyuzi 800 hazitoki kwa kubembelezwa, na moja ilikatika ikabaki ndani ya flanji. Nilipoishika turbo mkononi, nilizungusha shafti kwa ncha ya kidole. Iliendelea kuzunguka kimya kimya baada ya kidole kuondoka. Nilitazama kingo za gurudumu la kompresa kwa kioo cha kukuzia, nikaona ziko kali na hazina alama ya kugusa nyumba yake. Nilisukuma shafti huku na huku: ilicheza kidogo kwa pembeni, mchezo ambao ni wa kawaida kwa sababu beringi za aina hii huelea juu ya utando wa oili na hukaza pale tu oili inapokuwa na shinikizo. Kinachotakiwa ni kwamba hata ukilisukuma gurudumu hadi mwisho wa mchezo huo huku ukilizungusha, lisikwaruze ukuta. Halikukwaruza. Kwenda mbele na nyuma, haikucheza kwa kiasi ambacho kidole kingeweza kuhisi. Hapakuwa na oili iliyolowesha upande wa kompresa, wala masizi magumu ya oili iliyoungua kwenye tundu la kurudishia. Masizi hayo ndiyo huziua turbo nyingi, hasa za watu wanaozima injini mara tu baada ya kutua. Oili husimama ndani ya beringi iliyochomwa na turbini, ikaiva na kuwa mkaa. Mimi huiacha injini iungurume polepole kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kuzima, na siku ile nililipwa kwa uvumilivu huo.

Turbo ilikuwa nzima. Niliirudisha mahali pake kwa gasketi mpya na boliti mpya, nikawasha, nikasukuma wenzo: 33.5.

Hapo ndipo nilipofungua daftari la injini, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Huwa naandika, kila baada ya safari chache, shinikizo na mizunguko ya injini wakati ndege imefungwa kamba na nguvu ziko mwisho. Safu za miezi iliyopita zilisema 38 na mizunguko 5,000 kwa dakika. Siku ile, pamoja na geji kusema 33.5, mizunguko ilikuwa 4,890, katika hewa yenye joto karibu lile lile na upepo mdogo.

Propela ambayo pembe yake haibadiliki hudai nguvu kwa kipeo cha tatu cha mizunguko, kwa maana kwamba ukitaka izunguke mara mbili ni lazima uilishe nguvu mara nane. Mizunguko ikishuka kutoka 5,000 hadi 4,890, nguvu imeshuka kwa asilimia 6 na nusu hivi. Geji, kwa upande wake, ilidai kwamba shinikizo limeshuka kutoka 38 hadi 33.5, karibu asilimia 12. Ni kweli kwamba nguvu za injini hazifuati shinikizo hatua kwa hatua, kwani joto la hewa inayoingia na ukinzani wa moshi unaotoka navyo vina sehemu yao, lakini tofauti kati ya 6 na 12 haielezeki kwa visingizio hivyo. Ama propela ilikuwa imebadilika pembe, ama geji ilikuwa ikiongeza chumvi. Pembe nilizipima kwa kipimo cha mteremko, panga baada ya panga, na zote zilikuwa vilevile nilivyoziacha.

Nilibaki na geji. Jaribio la kwanza ambalo kila mtu hulitaja ni kuitazama injini ikiwa imezimwa: manifoldi ikiwa imetulia, shinikizo lake ni lile la hewa ya mahali ulipo, kwa hiyo geji inapaswa kusoma hivyo. (Hapa pana mtego: shinikizo analotoa mtu wa mnara wa kuongozea ndege limerekebishwa liwe la usawa wa bahari, na ukililinganisha na geji yako ukiwa uwanja wa juu utadhani geji ni mbovu.) Yangu ilisoma 28.6, na shinikizo halisi la uwanjani lilikuwa 28.6. Nikaitangaza kuwa nzima.

Lilikuwa kosa la pili, na ni hili ambalo nadhani lina faida zaidi kwa anayesoma. Geji husomewa shinikizo kupitia mrija mwembamba unaotoka kwenye manifoldi hadi kwenye dashibodi, na karibu na manifoldi kuna kitundu chembamba kilichowekwa makusudi ili sindano isitetemeke kwa kila mpigo wa silinda. Mrija huo ukipata mpasuko baada ya kitundu hicho, hewa huvuja kati ya ndani na nje, na geji husoma kitu kilicho katikati ya shinikizo la manifoldi na shinikizo la hewa inayouzunguka mrija. Injini ikiwa imezimwa, ndani na nje ni sawa, kwa hiyo mpasuko haupo kabisa machoni pa geji. Jaribio la injini iliyozimwa linaikagua sindano na chemchemi yake. Mrija haliukagui hata kidogo.

Mrija unaovuja hujifichua kwa njia nyingine. Nguvu zikiwa mwisho, manifoldi ina shinikizo kubwa kuliko nje, kwa hiyo geji husoma chini ya ukweli. Injini ikiungurumishwa polepole, manifoldi ina shinikizo dogo kuliko nje, kwa hiyo geji husoma juu ya ukweli. Daftari langu lilisema kwamba kwa kawaida injini hii husoma inchi 12 ikiungurumishwa polepole. Niliwasha, nikaiacha ipate joto, nikashusha mizunguko: 16. Sindano ilikuwa imevutwa kuelekea katikati kutoka pande zote mbili.

Niliuchomoa mrija pande zote, nikaziba ncha moja kwa kidole gumba na nyingine nikaichomeka kwenye bomba la sindano kubwa ya plastiki lisilo na sindano. Nilisukuma kijiti cha bomba hadi nusu na kukiachia. Mrija usiovuja hukirudisha kijiti kule kilikotoka. Wangu ulikiacha pale pale kilipo. Niliutumbukiza ndani ya ndoo ya maji na mapovu madogo yakatoka mfululizo mahali ambapo mrija ulikuwa ukipita kwenye ukuta wa moto unaotenga injini na rubani. Pete ya mpira iliyokuwa ikiukinga na kingo za bati ilikuwa imeteleza, na bati lilikuwa limeula mrija polepole, mtetemo kwa mtetemo, hadi ukapata mkato usiofika urefu wa punje ya mchele.

Nilibadilisha mrija, nikaweka pete mpya na kuigandisha isiteleze tena. Jaribio la kufunga ndege kamba likatoa 35.5, mizunguko 4,890 ile ile, na 12 injini ikiungurumishwa polepole. Sasa geji na propela walikuwa wakisema lugha moja: shinikizo lilikuwa limepungua kwa karibu asilimia 6 na nusu, wala si 12. Zilikuwa hitilafu mbili zilizovaa nguo moja, na ile ya kweli bado ilikuwa huko ndani.

Mwenzangu tunayetumia naye banda alitazama yote haya kwa subira, kisha akanipa ushauri ambao utapewa na watu wengi: kaza fimbo ya westigeti, mambo yaishe. Westigeti ni ule mlango mdogo kabla ya turbini unaofunguka ili kuuchepusha moshi pindi shinikizo likitosha. Ukiuchelewesha kufunguka, moshi mwingi zaidi hupita kwenye turbini na shinikizo hupanda. Ushauri wake ungefaulu. Sindano ingerudi kwenye 38 siku hiyo hiyo. Lakini kama sababu ni hewa inayovuja baada ya kompresa, turbo ingelazimika kushindilia hewa ya injini pamoja na ya kulisha tundu, na ingezunguka kwa kasi kuliko ilivyopangiwa. Hewa inaposhindiliwa hupata joto: kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70 inayoizidisha mara moja na nusu hewa ya nyuzi 15 huitoa ikiwa na nyuzi 65 hivi, na kadiri unavyoidai zaidi ndivyo inavyokupa hewa ya moto zaidi. Hewa ya moto huikaribisha injini kwenye kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kwa kishindo badala ya kuungua kwa mpangilio, na pistoni ya alumini haivumilii jambo hilo kwa muda mrefu. Na kama sababu ni moshi unaovuja kabla ya turbini, basi ningekuwa nimeficha dalili ya moto mtupu unaotoka ndani ya kifuniko cha injini kilichotengenezwa kwa nyuzi na gundi. Nilimshukuru, nikaacha spana mezani.

Hata hivyo, westigeti nilimkagua, kwa kuwa mlango usiofunga sawasawa ni sababu halali. Ni muhimu kujua wako hukosea kuelekea upande gani. Wangu hufungwa na chemchemi na kufunguliwa na shinikizo la hewa linalosukuma utando. Utando ukitoboka, mlango hubaki umefungwa na shinikizo hupanda kupita kiasi, kwa hiyo utando haukuwa mshukiwa. Kwenye injini nyingi kubwa za ndege mpangilio ni kinyume, shinikizo la oili ndilo linaloufunga mlango na chemchemi huufungua, kwa hiyo oili ikipungua au njia yake ikiziba, shinikizo la manifoldi huanguka. Kwenye injini ya Rotax 914, inayotumika katika ndege ndogo, kuna kompyuta ndogo inayoiamuru mota ivute kebo, na hapo mtu ataanza na kebo na vihisi. Mimi niliusukuma mlango kwa mkono injini ikiwa baridi, nikahisi ukigonga kiti chake na kukaa. Nikapitisha tochi, sikuona masizi yaliyojikusanya wala kiti kilichopinda.

Filta ya hewa ilikuwa safi. Nilijaribu injini kwa sekunde chache bila filta, sindano haikutikisika, nikairudisha.

Upande wa hewa iliyoshindiliwa nilitengeneza kizibo kutokana na kifuniko cha plastiki na vali ya tairi, nikakikaza kwenye mdomo wa kompresa kwa klipu ya hosi, nikaingiza hewa ya bari 0.3 huku propela ikiwa imefungwa isije ikazunguka, kwani hewa hiyo huweza kupita kwenye vali iliyo wazi na kuisukuma pistoni. Nilipaka maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila kiungio kuanzia kompresa, kupitia kipoza hewa, hadi kwenye manifoldi. Klipu moja ilitoa povu dogo na nikaikaza robo ya mzunguko. Sauti ya hewa niliyoisikia kwenye tundu la kujazia oili ilitokana na ringi za pistoni, na kiasi kile ni cha kawaida. Hasara ya inchi mbili na nusu haikuwa imejificha hapo.

Ilibaki ekzosi, na hapo nilikuwa nimejiwekea kikwazo mwenyewe. Wakati wa kuunda ndege nilifunga mabomba yote ya moshi kwa utepe wa kuhifadhi joto, kutoka kwenye silinda hadi kwenye turbini, kwa nia njema ya kuilinda kofia ya injini na kuufikisha moshi kwenye turbini ukiwa bado moto. Utepe huo hufanya kazi hiyo vizuri. Pia hulifanya bomba lenyewe liwe moto kuliko lilivyokusudiwa, na humnyima mmiliki macho. Nilichomeka upande unaopuliza wa mashine ya kufyonza vumbi kwenye mdomo wa nyuma wa bomba la moshi, nikapaka sabuni juu ya utepe, na kila mahali palitoa povu, kwa kuwa utepe ulikuwa ukisambaza hewa kama sifongo. Sikuwa na njia ila kuufumua.

Niliukata kwa mkasi nikiwa nimevaa glavu na barakoa, kwa sababu nyuzi zake zikikauka huwa unga unaowasha koo. Mizunguko ya kwanza ilitoka ikiwa na rangi yake ya kawaida ya kahawia. Nilipokaribia pale ambapo mabomba manne yanaungana kabla ya flanji ya turbo, utepe ulianza kuwa mgumu, mweusi upande wa ndani, na mzunguko wa mwisho ulivunjika mkononi kama ganda la yai. Chini yake, pembezoni mwa mshono wa kuchomelea, palikuwa na mstari wa kijivu cheupe kama mtu aliyepitisha chaki. Nilipitisha kucha juu ya mstari huo, na kucha ikanasa. Ulikuwa na urefu wa sentimita nne, umezunguka bomba karibu theluthi moja. Sabuni ilitoa povu jembamba tu, jambo ambalo lingenidanganya kama nisingekwisha kuuona ufa, kwa sababu chuma kikiwa baridi ufa hujifunga, na kikifika nyuzi 700 na uzito wa turbo ukining'inia, hufunguka kama mdomo.

Upande wa ndani wa kofia ya injini, mkabala na ufa huo, palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa kiganja. Nililigusa na gundi ikapukutika. Nilikaa chini kidogo. Kifaa cha kupima kaboni monoksaidi kilichobandikwa kwenye dashibodi hakikuwa kimebadilika rangi, lakini moshi unaovuja mbele ya ukuta wa moto hutafuta tundu lolote la kupitia, na lile tundu la mrija wa geji, ambalo pete yake ilikuwa imeteleza, lilikuwa njia iliyo wazi. Sipendi kulifikiria sana.

Sababu ya ufa haikuwa chuma kibaya. Turbo yangu ilikuwa ikishikiliwa na bomba la moshi peke yake. Kilo kadhaa zikining'inia mwishoni mwa bomba jekundu kwa joto, zikitikiswa na silinda nne. Nilipounda, niliona bomba ni nene na nikaridhika. Fundi aliyenichomelea bomba jipya alitumia chuma cha pua cha daraja la 321, ambacho kimetiwa titani na huvumilia joto la kurudiarudia kuliko lile la 304 nililolitumia mwanzo, na alijaza argoni ndani ya bomba wakati wa kuchomelea ili upande wa ndani wa mshono usiungue na kuwa na chembechembe kama sukari. Aliponirudishia alisema sentensi moja tu: "Bomba ni la kupitisha moshi, ndugu yangu, usilifanye nguzo."

Nilitengeneza mkono wa chuma unaoibeba turbo kutoka kwenye bloku ya injini. Niliufunga kwenye injini yenyewe, wala si kwenye fremu inayoishikilia injini, kwa kuwa injini hucheza juu ya mipira yake na fremu haichezi, na turbo iliyofungwa pande zote mbili ingeyararua mabomba mapya kwa muda mfupi zaidi. Kati ya mabomba ya silinda na turbo niliweka kiungio kinachoteleza, ili chuma kipate pa kwenda kinapotanuka. Utepe sikuurudisha. Mahali pake nimeweka mabati ya kukinga joto yaliyoachana na bomba kwa sentimita moja, ambayo hufunguka kwa skrubu nne, na tochi huingia. Doa kwenye kofia nililikwangua, nikalijaza upya, na nikabandika karatasi ya alumini juu yake.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kufunga ndege kamba. Sindano ilifika 38, ikapita kidogo, ikarudi na kutulia, mizunguko 5,000. Niliiacha injini iungurume dakika tano, nikaizima, nikafungua kofia ikiwa bado na joto, nikatazama kila mshono kwa tochi. Nilirudia mara tatu kabla ya kuruka.

Angani, katika futi 9,500, nilipata 37 badala ya 38 niliyoiona chini. Nilipekua daftari: kabla ya hitilafu hizi zote, mwinuko huo huo na joto karibu lile lile, nilikuwa nimeandika 37. Turbo yangu ni ndogo, na kuanzia hapo kwenda juu westigeti huwa imekwisha kufungwa kabisa na haina tena cha kuongeza. Nililiandika 37 chini ya lile la zamani na kushuka.

Tangu hapo nimeongeza safu mbili katika daftari: shinikizo injini ikiungurumishwa polepole, na saa ambazo mabomba mapya yamefanya kazi. Baada ya saa 25 za kwanza nilifungua mabati na kupitisha kucha kwenye mishono yote. Kucha haikunasa.